Nani Kasema Pesa Si Habari ya Watoto?

Hapa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mtoto akisogea karibu na wakubwa wanaohesabu noti, hufukuzwa: nenda kacheze, haya hayakuhusu. Wazazi wengi wanaamini kwamba mtoto akizijua pesa mapema ataacha shule akabadilishe kwacha mpakani. Imani hiyo naipinga bila kumung'unya maneno.

Tumeshachelewa kumficha. Mtoto wa mji huu hutumwa dukani akiwa na kwacha na kurudi na chenji ya shilingi. Bei ya kubadilishia anaisikia barazani kila asubuhi. Asichoambiwa ni kwamba pesa huzaliwa na hufa. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha, ile 1,000 ya jana ikawa 1. Jambo kubwa hivyo lilitokea hatua chache kutoka milangoni petu, na sisi tumelinyamazia kama aibu ya ukoo.

Mjukuu wangu wa darasa la tatu alikuta senti kumi ya Afrika Mashariki kwenye kopo la marehemu mama yangu. "Babu, nani kaitoboa?" Nikamwambia ilizaliwa na tundu lake, na watu waliweza kuzitunga kwenye uzi. Usiku ule hatukulala mapema. Nilimweleza kwamba kila anaponiomba hela anataja heller, sarafu ambayo Wajerumani waliileta mwaka 1904, mia kwa rupia moja. Kabla ya hapo rupia iligawanywa kwa pesa 64, na neno pesa lenyewe asili yake ni Bara Hindi. Nikamsimulia masultani wa Kilwa waliotengeneza sarafu zao za shaba, ambazo baadhi ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia. Aliuliza maswali mpaka taa ikaishiwa mafuta. Hakuniomba hata shilingi.

Madhara ninayaona kwa watu wazima ambao hawakufundishwa. Wanauza ng'ombe wanunue "rupia ya Mjerumani" eti yenye nguvu za ajabu. Laiti wangejua kwamba mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walitengeneza sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli: heller za shaba nyekundu na za shaba njano, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Ni kazi ya mafundi na mashine, haina jini ndani.

Shule zetu hupeleka watoto Mbozi kutazama kimondo, chuma cha tani zipatazo 12 kilichotoka angani. Vizuri sana. Basi pembeni yake liwekwe jembe la Wanyiha, waliokuwa wakiyeyusha chuma cha ardhini hapa hapa, na watoto waambiwe kwamba sehemu nyingi za bara jembe lilitolewa mahari. Iwekwe misalaba ya shaba ya Katanga, iliyokuwa fedha ya watu wa huko, kwa kuwa shaba ya Kongo na Zambia inapita Tunduma kila siku kwenye malori wanayoyahesabu watoto hawa. Iwekwe kwacha ya kabla ya 2013, na shilingi ya kwanza ya Benki Kuu yetu, ya mwaka 1966.

Mjukuu wangu alipojifunika shuka aliuliza swali moja la mwisho: "Na hii yetu itakufa lini, Babu?" Sikumfukuza.