Tairi likisugua tusikimbilie nyundo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wenzangu wenye magari. Baada ya kubadilishiwa shokomzoba za mbele, tairi langu la kushoto lilianza kusugua kila nikikata kona. Fundi akasema dawa yake ni kugonga madigadi kwa nyundo. Nilikataa. Nilipaka tairi chaki, nikakata usukani mpaka mwisho, nikaenda polepole. Chaki ilifutika ubavu wa ndani, wala si upande wa madigadi! Kuchungulia chini, nikakuta mpira wa breki unaning'inia. Haukufungwa tena kwenye shokomzoba, na tairi lilikwisha anza kuula.

Fundi huyo hutengeneza pia magari ya abiria. Je, hayo hukaguliwa na nani yakitoka kwake?

Msomaji wako,
Morogoro.