TAARIFA YA TAWI: ALIYEKOSA KAZI NAYE APEWE JIBU

Ndugu wanachama,

Kamati imekaa Jumapili, na imeona tuseme wazi juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana vijiweni wiki hizi, na ambalo sisi viongozi wenu tumelikosea.

Mwezi uliopita tulitangaza nafasi ya msimamizi wa ukumbi wa tawi. Waliomba watu 14, tukawaita wanne kwenye usaili, tukamchukua mmoja. Huyo mmoja tulimpigia simu siku ileile. Wale 13 hatukuwaambia neno. Hatukukusudia ubaya. Tulidhani watajua wenyewe wakimwona mwenzao na funguo.

Wiki haikuisha, maneno yakatapakaa kwamba nafasi ilikuwa ya mpwa wa kiongozi tangu mwanzo na usaili ulikuwa geresha. Ukweli ni kwamba kijana yule hana undugu na mtu yeyote kwenye kamati. Tuliwapa wote wanne daftari na stakabadhi za siku moja wafunge hesabu, na yeye peke yake ndiye aliyefunga ikalingana. Lakini nani angejua, ikiwa hatukusema?

Kisha akaja ofisini mama wa mmoja wa walioachwa, mwanachama wa siku nyingi. Hakuja kugombana. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu alikosea wapi?" Karatasi za usaili zilikuwa palepale mezani, na jibu lilikuwamo. Tulikuwa nalo kwa siku tisa na hakuna aliyefikiria kumpa mwenyewe.

Ndugu wanachama, wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Panapokuwa na kimya, aliyeshindwa kwa haki huamini ameonewa, na aliyeonewa kweli hukosa pa kushika. Wote wawili hutoka na neno lilelile mdomoni: "Bila kujuana hupati." Kijana akishaliamini neno hilo, hatafuti tena kosa lake ili alirekebishe. Anatafuta mtu wa kumshika mkono, au anatafuta bahasha. Hivyo ndivyo rushwa inavyopata wateja, hata mahali ambapo haikuwapo.

Tazameni pia gharama. Kuomba kazi si bure. Kuna kutoa nakala, kuna kugonga mihuri ya wakili, kuna bando, kuna nauli ya kwenda kwenye usaili wilayani au mkoani. Na mara nyingi kinachomwangusha mwombaji ni kitu cha kurekebishwa kwa siku moja. Matangazo mengi ya kazi za serikali yanataka cheti chenyewe cha kidato cha nne, hayapokei karatasi ya matokeo. Yanataka barua iliyotiwa sahihi. Yanataka majina yalingane, na yasipolingana uwe na hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo.

Tuna binti hapa tawini ambaye jina lake la katikati kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa tofauti na kwenye cheti cha shule. Aliomba kazi kwa miaka miwili, mahali pengi, bila kuitwa hata mara moja. Aliyemgundulia kasoro hiyo ni mwenye duka la kutoa nakala. Katika ofisi zote alizopeleka karatasi zake, hakuna iliyomwambia. Hatusemi angepata kazi zote hizo. Tunasema miaka miwili ya mtu ni mingi kupotea kwa kukosa sentensi moja.

Wapo watakaosema: mwajiri mwenye maombi elfu tatu na nafasi tano atamjibu nani? Hoja hiyo ina uzito, na hatuidharau. Lakini wasiofika hatua ya usaili wanatosha kupewa sababu fupi: cheti hakikukamilika, elimu haikulingana na tangazo, maombi yalichelewa. Anayechambua maombi lazima awe na sababu ya kuliweka kila moja pembeni. Kinachobaki ni kuiandika mahali mwombaji anapoweza kuisoma. Siku hizi kazi nyingi za serikali huombwa kwa mtandao kupitia Sekretarieti ya Ajira, na kila mwombaji ana akaunti yake. Njia ya kumfikia ipo. Na waliofika kwenye usaili wa mahojiano huwa ni wachache, wanahesabika, na simu zao mwajiri anazo.

Wengine wataogopa kwamba ukitoa sababu umejitafutia kesi. Sisi tunaona kinyume chake. Aliyetangaza vigezo, akavifuata, akaandika alama, hana cha kuogopa akiulizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, mawazo ya kisiasa na mengineyo, na ulinzi huo unamhusu hata mwombaji kazi ambaye bado hajaajiriwa. Haki hiyo ataidaije mtu asiyejua kwa nini aliachwa? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini jibu nalo lina namna yake. "Hukufaa" si jibu. "Nafasi zimejaa", wakati si kweli, ni uongo. Jibu ni kumwambia mtu jambo alilolifanya na kigezo alichopungukiwa: "Tulitaka anayeweza kufunga hesabu za siku. Yako ilipungua kwa sababu hukuingiza stakabadhi mbili. Maelezo yako kwa wateja yalikuwa mazuri." Aambiwe yeye peke yake, asitangazwe kundini. Asipewe habari za mwenzake aliyeshinda, maana taarifa za mtu ni zake, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na asikejeliwe. Mtu aliyekosa kazi ameshaumia tayari.

Kwenu vijana tunaomba jambo moja. Ukipewa sababu, isikilize hata kama inauma. Jibu la usaili si mwaliko wa kubishana, labda uone kwa hakika kwamba vigezo vilivunjwa. Hapo lete malalamiko yako kwa maandishi, na tutasimama nawe.

Kwa hiyo kamati imeazimia yafuatayo:

1. Wale waombaji 13 wa kazi ya ukumbi watapigiwa simu na Katibu wa Tawi kabla ya Jumamosi ijayo. Kila mmoja ataambiwa sababu yake na kuombwa radhi kwa kucheleweshwa.

2. Kuanzia sasa nafasi yoyote ya tawi, hata ya kibarua wa wiki moja, itatangazwa na vigezo vyake. Kila aliyehojiwa atapata jibu ndani ya siku saba. Na yeyote kwenye kamati mwenye ndugu aliyeomba atatoka kwenye kikao.

3. Kila Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 6, ofisi ya tawi itakuwa wazi kwa vijana wanaotaka karatasi zao zikaguliwe kabla ya kuomba kazi. Wenzetu wawili walimu wastaafu wamejitolea. Ni bure, na kadi ya chama haitaulizwa.

4. Tutamwandikia diwani barua, tukimwomba alifikishe suala hili kwenye baraza la madiwani, ili kazi za muda zinazotolewa na halmashauri nazo ziwe na utaratibu wa kuwajibu waliokosa.

Tumeanza na la kwetu kwa makusudi. Hatuwezi kuidai halmashauri jambo ambalo sisi limetushinda kwa watu 13.

Yule mama tulimjibu siku ileile, na mwanawe akaja jioni tukakaa naye. Ameomba aazimwe daftari la zamani la ukumbi akajifunze kufunga hesabu. Tumempa.

Viongozi wa mashina, wasomeeni taarifa hii wasio na simu.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi.