KIHARUSI, SEHEMU YA 4: MKONO UMEPONA, AKILI NANI KAIPIMA?

Haya mama zangu, leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie.

Bibi kapata kiharusi. Kalazwa, kaanza kuinua mkono, anatembea na fimbo, anasalimia vizuri. Anaruhusiwa. Mnapewa dawa za presha na tarehe ya kliniki, basi. Wiki ya tatu wewe unamwachia mtoto wa miezi tisa, unarudi kazini. Kuna mtu alimpima kumbukumbu? Mara nyingi hakuna, na mimi wodi siitetei kwa hilo.

Kiharusi hakiishii mkononi na mguuni. Kinaweza kugusa kumbukumbu, umakini, hata uwezo wa kupanga mambo. Bibi anaongea kama zamani, lakini anameza dawa mara mbili kwa sababu hakumbuki kama ameshameza. Anawasha jiko la gesi, anatoka nje. Nyumbani mnasema uzee, au kiburi, au karogwa. Ugomvi unaanza na wewe mkwe.

Kipimo cha kuchuja hakitaki mashine. MoCA ina alama 30, inachukua kama dakika 10: kukumbuka maneno matano, kuchora saa, kutoa saba saba kuanzia 100. "Hatuna muda" mimi siikubali. Presha tunapima kila siku!

Ila msikubali pia bibi aliyeishia darasa la pili apewe penseli achore mchemraba, akishindwa aambiwe akili imepungua. Hapo umepima shule. MoCA yenyewe inamwongezea mwenye elimu ndogo alama moja tu, haitoshi jamani. Kipo kipimo cha IDEA, kilitengenezwa hapa hapa kwetu, wilaya ya Hai, kwa ajili ya wazee, hata wasiosoma: unapanga njiti za kiberiti badala ya kuchora. Na kama ulimi ni mzito au miwani kaisahau nyumbani, alama zitashuka pia. Kipimo kifupi kinachuja tu. Alama ndogo maana yake achunguzwe zaidi.

Kwa hiyo kabla hamjaruhusiwa, uliza: kumbukumbu imepimwa? Kwa kipimo gani? Kitarudiwa lini? Ukijibiwa "yuko sawa tu", uliza tena, hata nesi akikunja uso.

Mpaka mjue, mjukuu ampakate, amwimbie, ila pawe na mtu mzima mwingine. Dawa na gesi ashike mwingine.

Sehemu ya 5 nitajibu la kulisha mgonjwa anayepaliwa, mmeniuliza sana inboksi.