Ekzosi ya mtumba, mguu wa mwengine

Niliahidi wiki hii tuendelee na kisukari na vidonda vya miguu. Naomba mnisamehe, leo nakiweka pembeni. Kuna jambo limetokea nyumbani kwangu mwenyewe, na nisipoliandika sasa nitaliacha lipite kama tunavyoacha mengi.

1/6
Pikipiki ya mume wangu si kuukuu, ina miaka minne tu. Lakini ekzosi ilishaliwa na kutu hadi ikatoboka. Sisi wa Unguja hatuhitaji kuelezwa, hewa ya chumvi haibagui bati la nyumba wala bomba la pikipiki. Mpya dukani bei ilitushinda mwezi ule. Fundi mmoja akatwambia anayo ya mtumba, imetoka kwenye Honda ya zamani. "Hiki ndo chuma, si hivi vibati vya siku hizi." Mie nilikuwepo. Mie ndiye niliyemshusha bei mpaka 35,000 na nikajiona mjanja.

2/6
Kufunga kukaanza. Mdomo wa mbele, pale inapokamatana na injini, ulikubali kwa shida. Nyuma matundu hayakukutana, akachomelea kipande cha chuma kikashika. Ikabaki ile kava, kile kibati kinachokaa juu ya ekzosi. Haikuingia, kwa sababu sehemu za skrubu zilikuwa za pikipiki nyengine. Fundi akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu: "Hii urembo tu, dada." Nikalipa tukaondoka.

Siku ya tisa mtoto wa dada yangu, miaka 7, alipakiwa kutoka chuoni. Alipofika nyumbani akateleza kushuka upande wa kulia. Shavu la mguu, upande wa ndani, likagusa bomba. Mie nilikuwa zamu. Nilipofika, bibi yake alishampaka dawa ya meno.

3/6
Sasa niseme kama nesi. Chuma chenye nyuzi joto 60 za Selsiasi kikigusa ngozi kwa sekunde kama tano, kinaiunguza mpaka ndani. Kikiwa na nyuzi 70, sekunde moja inatosha. Na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yako. Ekzosi iliyotoka safari inapita hapo kwa mbali: idondoshee tone la maji uone linavyochemka na kukauka papo hapo. Ile kava ndiyo inayoacha nafasi ya hewa kati ya moto ule na mguu wa mtu. Urembo gani huo?

Halafu tuangalie na mavazi yetu. Mabaibui mengi ni kitambaa cha nailoni au poliesta. Kikigusa chuma cha moto hakikukingi, kinayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Mama anayekaa upande na baibui lake anadhani amejisitiri, kumbe na hatari imo humo humo.

4/6
Jana nilidokeza jambo hili, kaka mmoja wa bodaboda akanijibu: "Nesi, wewe una mshahara, sisi tununue mpya kwa pesa gani?" Kaka yangu, nimekusikia. Na mie mshahara wangu ndio huo ulionipeleka kwenye mtumba. Sisemi mtumba ni haramu. Kweli zipo ekzosi za zamani zenye chuma kizito kuliko mpya za bei rahisi.

Lakini bomba lilikunjwa kwa ajili ya pikipiki yake. Pale kwenye pikipiki ya zamani pedeli ya abiria ilikaa kwengine, na bomba likapita mbali na mguu. Ukilihamisha, linaweza kutokeza nje vidole viwili zaidi, na vidole viwili hivyo ndivyo vilivyomuunguza mtoto wetu. Kiungo cha mbele kikivuja, moshi wa moto unatokea karibu na mguu wa dereva, na kelele mtaa mzima unaisikia. Na pikipiki mpya zisizo na kabureta, baadhi zina kifaa kwenye bomba kinachopima moshi. Bomba la zamani halina pahala pa kukifunga, na injini inaanza kusumbua.

Kinachoniuma ni hiki: anayenunua ekzosi ni mwenye pikipiki, lakini anayeungua mara nyingi ni aliyepakiwa. Hakuulizwa, na wala hajui kuna kitu kimetolewa.

5/6
Kwa hiyo mimi nasema, na nitasimama hapa: fundi asikabidhi pikipiki yenye ekzosi isiyo na kava, na mteja asiipokee. Kama ya asili haiingii, bati jengine likatwe, lifungwe kwa vibano, liache nafasi, lisilale juu ya bomba. Gasketi iwe mpya. Kaa nyuma mwenyewe kabla ya kulipa, injini ikiwa baridi, uangalie mguu unafika wapi. Mkipandisha bei kidogo kwa kazi hiyo, mafundi, tutalipa.

Na nyie mnaoegesha Mji Mkongwe kwenye vichochoro: stendi inailaza pikipiki kushoto, ekzosi inabaki kulia. Upande huo uelekezeni ukutani. Watoto wanaotoka chuoni wanapita hapo wakikimbia, na bomba liko usawa wa miguu yao.

6/6
Mtu akiungua: maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, hata kama analia. Si barafu. Si dawa ya meno, si yai, si samli, si unga. Vua bangili ya mguu au kiatu kabla hapajavimba. Nguo iliyogandia usiivute. Lengelenge usilitumbue. Funika kwa kitambaa safi, uende kituo cha afya, khasa kama ni mtoto, mwenye kisukari, jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, au ngozi imekuwa nyeupe na haina maumivu. Hiyo isiyouma ndiyo mbaya. Uliza na chanjo ya pepopunda.

Mtoto anaendelea vizuri, alhamdulillah, ila kovu litabaki. Juzi ananiuliza, "Shangazi, kwani hukuiona ile pikipiki ilikuwa haina kava?" Niliiona, mwanangu. Niliiona ikitupwa kwenye ndoo.

Kava tumeshafunga. Kisukari tutaendelea nacho wiki ijayo inshaallah. Leo ukitoka nje, iangalie pikipiki yako upande wa kulia kwanza.