Nyumba Ndani ya Migomba

Andrea Palladio, mjenzi wa kaskazini mwa Italia, alichapisha vitabu vyake vinne vya usanifu mwaka 1570, na tangu hapo anayesomea usanifu wa kiklasiki hawezi kumkwepa. Walioiga kazi yake ughaibuni walichukua zaidi nguzo na pembetatu za mbele ya nyumba. Jambo zito zaidi liko kwenye mpangilio. Katika Villa Emo, kijijini Fanzolo, aliiweka nyumba ya bwana katikati, akanyoosha mabawa ya maghala kushoto na kulia, kisha akaelekeza vyote mashambani, hata makazi, mavuno na ardhi inayolimwa vikawa kitu kimoja. Makala hii inajenga hoja kwamba utaratibu wa aina hiyo upo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, kaskazini magharibi mwa Tanzania, kwamba ni usanifu kamili wa nyumba na bustani, na kwamba unatutoka mikononi kwa sababu tumezoea kuuhesabu kuwa kilimo tu.

Tuanze na kibanja chenyewe, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kwa kuwa ndicho kinachobeba hoja. Nyumba hukaa ndani ya migomba, haikai pembeni yake. Mbele yake kuna uwanja uliofagiliwa, na uwanja ukiisha tu migomba inaanza. Ile iliyo karibu na mlango ndiyo hunenepa kuliko yote, maana ndiyo inayopata majivu ya jikoni, maganda ya ndizi na samadi ya mbuzi. Kadiri unavyosogea mbali na nyumba, rutuba inapungua na mazao yanabadilika. Ukitazama juu utaona ghorofa za majani: miti mikubwa michache inayochuja jua, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni ya robusta, na ardhini maharage yanayopandwa mvua zikianza, huku magimbi yakitafuta pale penye unyevu. Majani makavu ya migomba hutandazwa shinani ili udongo usikauke wala kusombwa na maji mteremkoni. Mpakani husimama miti iitwayo milamula, ambayo kila jirani anajua ni marufuku kuing'oa. Wazee wa ukoo nao wamezikwa humohumo. Mtu akiondoa kipande kimoja, tuseme miti ya kivuli, kahawa itaungua na jua. Akiondoa mifugo, migomba itadhoofu miaka michache baadaye. Mpango ambao kila sehemu yake inaitegemea nyingine kiasi hicho unastahili kuitwa usanifu wa bustani, na wenye bustani za starehe duniani wana mengi ya kujifunza hapa, kwa kuwa hii inalisha waliomo.

Nyumba iliyofaa mahali hapo ilikuwa msonge. Mafundi walifunga pete za matete na fito, pete juu ya pete, wakaziegemeza kwenye nguzo za ndani, kisha wakaezeka nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ndani, kuta za matete zilitenga pa kupokea wageni, pa kulala na pa kufungia mifugo, na moshi wa mekoni uliopenya kwenye nyasi uliwafukuza wadudu waharibifu. Malighafi yote ilitoka kibanjani au kwenye mbuga ya nyasi iliyo nje yake, ile ambayo Wahaya huiita rweya, ambako pia ng'ombe walichunga kabla ya kurudi jioni na samadi yao. Wapelelezi John Hanning Speke na James Grant walipofika kwa Rumanyika, Mukama (mfalme) wa Karagwe, mwishoni mwa mwaka 1861, na Henry Morton Stanley alipofika huko mwaka 1876, waliikuta jamii yenye makao makuu yaliyopangwa kwa heshima ya daraja zake. Kitabu cha Stanley kina mchoro wa nyumba ya hazina ya Rumanyika, ya duara na ya nyasi, iliyohifadhi sanamu za ng'ombe na vifaa vingine vya kifalme. Wafalme wa Karagwe hawakuona haja ya umbo jingine kwa ajili ya vitu vyao vya thamani kuliko vyote. Umbo la mnyonge na la mtawala lilikuwa moja, likitofautiana kwa ukubwa, ustadi na idadi ya nyua, na hiyo ndiyo dalili ya mtindo wa kiklasiki popote ulipo: kanuni chache zinazokubalika na wote, na daraja linaloonekana ndani yake.

Watakuwapo watakaosema kuwa usanifu unahitaji msanifu, mtu mwenye jina aliyechora kabla ya kujenga. Jibu liko ng'ambo ya mto Kagera. Pale Kasubi, Kampala, jengo kubwa la makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, lina pete 52 katika paa lake kwa ajili ya koo 52 za Baganda, na kazi ya kuliezeka ni haki ya ukoo wa Ngeye, wenye kiongozi wao wa uezekaji. UNESCO iliyatambua makaburi hayo mwaka 2001. Yalipoungua Machi 2010, yaliweza kujengwa upya kwa sababu ujuzi ulikuwa umehifadhiwa ndani ya ukoo, una wenyewe na una masharti. Taifa lenye cheo cha fundi mkuu wa kuezeka haliwezi kuambiwa kwamba lilijenga bila wasanifu. Karagwe majina ya mafundi hayakuandikwa, lakini kutoandikwa kwa jina hakufuti akili iliyopanga.

Pingamizi zito zaidi ni la maisha. Nyasi huwaka, huvuja, hutaka kuezekwa upya, na mtu anayeweka bati anatafuta usingizi wa amani wakati wa masika. Hatumlaumu hata kidogo, na hakuna anayemtaka mkulima wa Nkwenda au Kayanga arudi kwenye moshi ili wageni wapate cha kupiga picha. Tunachokitetea ni mpangilio. Bati na tofali vingeweza kuingia kibanjani bila kukivunja, ila kinachotokea sasa ni kingine: nyumba mpya inavutwa barabarani, kiwanja kinapimwa cha mstatili kana kwamba nyuma yake hakuna kitu, uwanja unamwagwa saruji, maji ya paa yanatiririka mtaroni badala ya kwenda kwenye migomba, na taka za jikoni zinachomwa. Rutuba iliyokuwa ikijirudia kila siku kwa miguu ya akina mama inakatika. Wala tofali peke yake si dhamana ya usalama. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha na kupasua maelfu ya nyumba mkoani Kagera, nyingi zikiwa za tofali zilizoshikanishwa kwa udongo au saruji haba. Ujenzi wa kudumu nao unadai kanuni, na kanuni hizo bado hatujazifundisha vijijini.

Ni kweli pia kwamba kibanja kimeumia kwa sababu nyingine mbali na bati. Sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi mno, na pamoja nao ikapunguza samadi. Urithi umegawa vibanja hadi vingine vimebaki vipande. Mnyauko bakteria, uliofika mkoani katikati ya miaka ya 2000, unamlazimu mkulima kung'oa mgomba mzima na kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, asitumie panga linaloweza kubeba ugonjwa. Haya yote tunayakubali, na ndiyo yanayotufanya tuseme kuwa mpango huu unahitaji wasanifu wapya wenye elimu ya udongo. Hapohapo Karagwe, mradi wa MAVUNO na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin wamejaribu mboji iliyochanganywa na majivu, mkaa na kinyesi cha binadamu kilichosafishwa kwa joto, ili kuurudishia udongo wa volkano fosforasi unayokosa. Choo, jiko na shamba vimewekwa tena kwenye ramani moja. Huo ni usanifu wa kibanja ukiendelea, hata kama walioufanya hawakuuita hivyo.

Limebaki pingamizi tunaloliheshimu kuliko mengine, la haki. Utaratibu huu ulikuwa na mabwana. Chini ya umiliki wa ardhi ulioitwa nyarubanja, watawala wa mkoa huu waligawa ardhi ikiwa na watu juu yake, hadi sheria ya mwaka 1965 ilipowakomboa wapangaji. Mwanamke aliyetandaza majani shinani maisha yake yote hakuwa na kauli juu ya ardhi ya ukoo, mpaka Jaji James Mwalusanya alipoamua mwaka 1990, katika shauri lililotoka Kagera, kwamba mila inayomnyima binti haki ya kuuza ardhi aliyorithi inapingana na Hati ya Haki za Binadamu iliyomo katika Katiba. Nyumba za Palladio nazo zilisimamia jasho la wakulima wasiomiliki kitu, na hakuna chuo kilichoacha kuzisoma kwa sababu hiyo. Zinasomwa pamoja na historia hiyo. Kibanja kisomwe vivyo hivyo, na atakayekichora asianze kwa mkuu wa ukoo. Aanze kwa mwanamke anayejua kila shina lilipandwa lini na linalishwa nini, amuulize mlango uelekee wapi, jiko liwe umbali gani na migomba ya kwanza, na maji ya paa yashuke upande upi. Tunawaomba walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wapima ardhi wa halmashauri za Karagwe na Kyerwa, wavipime na kuvichora vibanja vilivyosalia kabla ya kukata viwanja vingine Kayanga na Rubwera, na michoro hiyo iwekwe mezani siku ramani za makazi mapya zinapopitishwa.