"Wewe si uko tu kwa nyumba?"

Leo nitasema kitu na wengine mtakasirika. Sawa tu.

Wiki jana tata alinipigia simu. Anataka kutoa watoto wake watatu shule wasomee nyumbani, hapa hapa Kerugoya. Mmoja ni wa chekechea, mwingine Gredi ya 3, mkubwa Gredi ya 7. Wazo si baya. Nikamuuliza, "Na mwalimu atakuwa nani, tata?" Akacheka. "Si ni wewe? Wewe si uko tu kwa nyumba na hiyo simu yako."

Hayo maneno nayajua. Nilianza kuyasikia 2020.

Mnakumbuka Machi 15 ya mwaka huo, Rais Uhuru alipofunga shule nchi nzima. Kwa wengi wenu ilikuwa likizo ndefu. Mimi nilikuwa Kidato cha 3, kifungua mimba, tena msichana. Mum alikuwa anatoka saa kumi na moja asubuhi kwenda sokoni na mboga. Baba alikuwa Mwea kwa mambo ya mpunga. Nyumbani tukabaki mimi, mdogo wangu wa darasa la 6 na kitinda mimba wa Gredi ya 2. Ghafla nikawa mwalimu, na hakuna mtu aliniuliza kama naweza.

Na usidhani ni kufundisha watoto wawili kitu kimoja. Mwaka huo CBC ilikuwa imefika Gredi ya 4 pekee. Kuanzia darasa la 5 kwenda juu ilikuwa bado 8-4-4. Kwa meza moja nilikuwa na mitaala miwili. Huyu anataka tukate maboksi tutengeneze gari, yule amekwama kwa kugawanya sehemu. Kitabu changu cha kemia kimefunguliwa hapo kando, mada ya moli, wiki ya tatu, ukurasa ule ule.

Kulikuwa na masomo ya KICD kwa redio ya KBC, na nashukuru. Lakini redio ni moja na haingoji mtu. Ikifundisha mkubwa, mdogo anataka kuimba. Ukimnyamazisha, githeri inaungua. Ukirudi kutoka jikoni, kipindi kimeisha.

Mwanzoni nilijaribu kuwa shule. Nikabandika ratiba ukutani, dakika 40 kila somo, nikagonga sufuria kama kengele. Siku nne, kwisha. Kilichosaidia ni hiki: hadithi moja kwa wote wawili, mdogo anachora na kusoma sentensi moja, mkubwa anaandika muhtasari. Hesabu kila mtu peke yake, dakika ishirini na mimi, halafu afanye mwenyewe. Saa nne mkubwa anamsikiliza mdogo akisoma. Hata si uvumbuzi wangu. Vyuo vya Kurani huko Pwani vimefanya hivyo tangu zamani: mwalimu mmoja, kila mtoto na pale alipofika, wakubwa wakiwasaidia wadogo.

Kwa hivyo sisemi haiwezekani. Inawezekana. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba ni kazi ya mtu ambaye "yuko tu".

Mtu ambaye yuko tu hawezi kushika akili tatu kwa saa moja. Kufikia saa sita nilikuwa nimeisha. Kemia ilikuwa ya usiku, stima ikiwepo. Na binamu yangu wa kiume, rika langu, alikuwa anaachiwa siku nzima asome "kwa sababu Kidato cha 3 ni kigumu". Manze, hata mimi nilikuwa Kidato cha 3!

Gredi ya 4, darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi Oktoba 12. Sisi wengine tulingoja hadi Januari 4, 2021. Tulipofungua, kitinda mimba alikuwa anasoma bila kukwama. Familia yote ilimsifu, na alistahili. Nilipofanya KCSE Machi 2022, kemia ndiyo ilinivuta chini. Niliambiwa nilikuwa mvivu. Hakuna aliyeunganisha hayo mambo mawili.

Najua mtaniambia familia ni kusaidiana. Ndiyo, ni kusaidiana. Lakini ukiona kila mara anayesaidia ni yule yule, na kila mara ni msichana mkubwa, hapo mtu amepewa kazi bila mshahara na mmeipaka rangi ya upendo. Fundi akija kurekebisha paa humwambii "wewe si uko tu na nyundo".

Tata nimemwambia mambo matatu. Kwanza, aende ofisi ya elimu aulize kabla ya kutoa mtoto yeyote shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi apeleke mtoto shuleni au kwa taasisi nyingine iliyoidhinishwa, na ukikosa kuna faini ya hadi shilingi 30,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Hiyo si ya kuchezea. Pili, nitafundisha asubuhi tatu kwa wiki, kwa malipo tutakayokubaliana. Tatu, siku mbili zinazobaki afundishe yeye mwenyewe, ili ajue "kuwa tu kwa nyumba" kunafanana aje.

Ameuona ujumbe. Hajajibu.

Na wewe unayesoma hii ukiwa na watoto wa watu kwa meza na kitabu chako kimefunikwa na madaftari yao: kutaja bei si kukosa adabu. Kuomba saa zako za kusoma si kiburi. Kabla ya kufungua daftari la mtu mwingine kesho asubuhi, fungua lako kwanza. Hata nusu saa.