Tovuti za Ofisi: Mlango Usio na Bawabu

Zamani mtu wa Pwani akienda Nairobi kutafuta pasipoti, alishika foleni Nyayo House tangu asubuhi. Foleni ilichosha, lakini ilikuwa na faida yake: asiyeifahamu fomu alimwuliza jirani au tarishi, akajibiwa kwa Kiswahili. Siku hizi ombi hujazwa kwanza katika tovuti ya eCitizen, iliyoanza mwaka 2014, ndipo mtu aende kuchukuliwa alama za vidole. Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 katika tovuti hiyo. Safari zimepungua, na asiyekiri hayo hana insafu. Swali langu ni jingine: je, tovuti za ofisi zetu zazungumza na mwananchi, au zamtangazia tu?

Jibu nililiona Kawangware, magharibi ya jiji, si mbali na majumba ya Lavington. Katika kibanda cha saiba alikuwapo mama mtu mzima, mwenye buibui, ameketi kando ya kijana wa kompyuta. Ukurasa wa ofisi moja ya umma ulikuwa umeandika kwa Kiingereza kwamba alichojaza si sahihi. Kosa liko wapi, haukusema.

“Wasemaje huo mtambo, mwanangu?”

“Umekataa, mama.”

“Kwa nini?”

“Haujasema. Tujaribu tena.”

Walijaribu mara tatu. Kisha kijana akaomba nambari ya kitambulisho na neno la siri, na mama akavitaja mbele ya watu wote.

Hapo ndipo penye hatari, ndugu msomaji. Neno la siri ni amana. Mama yule hakuitoa amana yake kwa ujinga; aliitoa kwa sababu ukurasa haukusema naye kwa lugha yake. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini yamfaa nini mtu ambaye, ili ahudumiwe, hana budi kumpa siri yake asiyemjua?

Kupima tovuti si jambo la kubahatisha. Mwaka 1994 mtaalamu Jakob Nielsen alitoa kanuni kumi za kupimia mitambo hii. Mojawapo yasema mtambo uzungumze lugha ya anayeutumia. Nyingine, kwamba kosa lielezwe kwa maneno mepesi, pamoja na njia ya kulisahihisha. Ukurasa wa Kawangware ulianguka katika zote mbili.

Wala haya si mambo ya wageni tu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 chakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaziagiza ofisi za umma, zitoapo habari, ziangalie lugha ya mahali na njia ya kuwafikia watu barabara. Hata vituo vya serikali vilivyoanza mwaka 2013, kama kile cha jengo la posta katikati ya Nairobi, viliitwa Huduma. Jina ni letu. Lakini katika tovuti, sehemu kubwa ya maelezo na fomu ni Kiingereza.

Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa mtandaoni, huduma zikavurugika. Siku kama hizo ndipo hujulikana kuwa kaunta yenye mtu wa kuulizwa haijapitwa na wakati.

Rai yangu ni nyepesi. Kabla ofisi haijafungua ukurasa wake, na iwape mama wa Kawangware na mvuvi wa Lamu waujaze. Wakimaliza bila kumpa mtu neno la siri, ukurasa umefaulu. Wakikwama, usilaumiwe ujinga wao, ulaumiwe ukurasa.

Wazee walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ni kweli, lakini anayeuliza naye apate wa kumjibu.